Taponi tisa wamenichomoka wakiruka, wa kumi kakata mshipi. Nakosea wapi?

Kiboya_Kimezama

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada kabla sijaitupa hii fimbo baharini nikaifuata.

Mimi ni mtu wa mshipi wa mkono tangu utotoni. Kolekole nimewavuta hadi viganja vikachanika, kwa hiyo wa kuniambia sijui kuvuta samaki atafute maneno mengine. Ila mwaka huu nimeingia kwenye fimbo na rili kwa ajili ya samaki mmoja tu, taponi, yule mkubwa wa Atlantiki. Simli. Nataka nimshike, nimtazame usoni, nimwachie aende zake.

Mpaka leo kumi wameuma. Tisa wamechomoka kwenye mruko wa kwanza au wa pili. Wa kumi alikata mshipi akaondoka na kila kitu.

Niwasimulie wa juzi. Navulia mlangoni, pale maji ya wangwa yanapotoka kwenda bahari kuu. Maji ndiyo yameanza kupwa, nimetia kaa hai, mdogo kama kifuniko cha chupa kubwa, chini ya kiboya. Kiboya hakikucheza wala kutikisika, kilizama tu kama mtu aliyeitwa. Nikampiga, yaani nikaivuta fimbo juu kwa ghafla ili ndoana imchome, kwa nguvu zangu zote, mara tatu, maana kila mtu anasema kinywa chake ni mfupa mtupu. Akatoka. Wakuu, alitoka mwili mzima mpaka mkia, kinywa kimeachama kama ndoo, na matamvua yanagonga kama mtu anayetikisa bati. Nikakaza mshipi nisimpe nafasi. Akatikisa kichwa mara moja, ndoana ikanipita sikioni ikiwa na nusu ya gamba la kaa.

Vifaa: mshipi wa kusuka wa pauni 50 (unahimili kama kilo 23), kipande cha mwisho ni nailoni ya pauni 60, urefu kama mita moja. Ndoana ni ya duara, namba 7/0. Breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, naikaza kwa kukisia mkono.

Rafiki yangu anasema niweke waya na ndoana kubwa zaidi, kisha nipige kwa nguvu zaidi. Mnasemaje?

Tezi_na_Omo

Karibu chamani mkuu. Kumi kwa sifuri ni vibaya, lakini usidhani sisi wengine tunapata kumi kwa kumi. Kati ya wanaoruka, nikiwafikisha nusu yao chomboni narudi naimba.

Waya sahau. Huyu si papa wala nguru, hana meno ya kukata. Jicho lake ni kubwa kama sarafu, waya ataiona kabla hujaishusha. Kinachokukatia ni ule mdomo mkwaruzo kama msasa unaosugua nailoni dakika baada ya dakika. Pauni 60 ni nyembamba na mita moja ni fupi. Mimi natumia pauni 80, mita mbili na ushee, ili hata mkia na magamba visifikie mshipi wa kusuka.

Hayo ya kupiga namwachia Mzee Bamvua. Najua yuko njiani, akisikia neno taponi huwa halali.

Bamvua

Nimefika, na kweli sijalala.

Kijana wangu Kiboya, umenichekesha na kunihuzunisha. Umenunua ndoana ya duara halafu unaipiga kama ndoana ya kawaida. Ni sawa na mtu anayetega mtego wa panya kisha anamkimbilia panya kwa fimbo. Ndoana ya duara ncha yake imegeuka inatazama shina. Samaki akishaimeza na kugeuka aondoke, ndoana inateleza kwenye ulimi na kaakaa bila kushika popote mpaka ifike kwenye kona ya taya. Pale ndipo inazunguka na kuingia yenyewe. Kwa taponi kona hiyo ndiyo kila kitu, kwa sababu kinywa kilichobaki ni bamba la mfupa, na pale pembeni taya linapokunjana ndipo penye nyama ya kupitisha ncha. Ukipiga mara tatu unaichomoa kinywani kabla haijafika konani. Ikibahatika, inakwama juujuu kwenye mfupa kama msumari uliopigwa kwenye zege. Akiruka na kutikisa kichwa mara moja, kwisha.

Sasa fanya hivi. Kiboya kikizama, usifanye kitu. Najua ni vigumu, mkono wa mtu wa mshipi hauwezi kutulia. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nashika fimbo kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia nikaukalia. Elekeza fimbo kwa samaki, chini, acha mshipi unyooke wenyewe kwa mwendo wake. Ukisikia uzito anza kuzungusha rili, taratibu bila kusita, mpaka fimbo ipinde hadi kwenye mpini. Hapo ameshajinasa. Hukumnasa wewe.

Pili, tazama kaa wako alivyo kwenye ndoana. Umesema ndoana ilirudi na nusu ya gamba. Hilo limeniambia mengi kuliko maelezo yako yote. Kama ndoana umeipitisha katikati ya mgongo, ile nafasi kati ya ncha na shina imejaa gamba, haina pa kushikia kitu kingine. Mtoboe kaa kwenye ile pembe kali ya ubavuni mwa gamba, ncha itoke nje yote, ionekane. Kaa anaishi, anaogelea, na ndoana iko wazi.

Ncha yenyewe ijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Iweke, ivute kidogo. Ikiteleza inoe au itupe. Ikikwama ndiyo hiyo. Na kile kijino cha nyuma kibane kwa koleo kilale. Watu wanaogopa kukibana, wanadhani samaki atachomoka zaidi. Kwa mdomo wa mfupa, ncha laini huingia ndani zaidi kuliko yenye kijino, na wakati wa kumwachia utanishukuru.

Breki usikisie. Chukua mizani ya kuning'iniza, funga mwisho wa mshipi, mwenzako aishike, wewe simama na fimbo imepinda kama umenasa. Vuta mpaka rili ianze kutoa. Kwa mshipi wa pauni 50 nataka isome kama kilo tano na nusu hadi sita, yaani robo ya uwezo wa mshipi. Utashangaa. Wengi wanaodhani wamekaza wako kwenye kilo mbili.

La mwisho, na hili ndilo limekula wengi wa hao tisa wako: akiruka, mpe mshipi. Sukuma fimbo mbele, nyoosha mikono kumwelekea, kama unamsujudia. Akigusa maji, kaza tena.

Kiboya_Kimezama

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante. Ya kaa nimeyakubali mbio, maana kweli nilikuwa namtoboa mgongoni. Ya kutopiga nitajitahidi, nitaukalia mkono.

Lakini hilo la kumlegezea anaporuka halijaniingia. Nimelelewa kwamba mshipi ukilegea, samaki ameondoka. Marehemu baba alinipiga kofi kwa mshipi kulegea. Leo nimpe samaki mshipi uliolegea kwa hiari yangu, tena wakati ambao ndipo wanaponichomoka?

Bamvua

Marahaba. Mzee wako alikuwa sahihi, kwa samaki wake na kwa mshipi wa mkono.

Fikiria hivi. Taponi wa kilo hamsini akiwa majini, maji yanambeba na maji yanamzuia. Kila akitikisa kichwa anasukuma maji, kwa hiyo hawezi kukitikisa upesi. Akitoka hewani hakuna cha kumzuia. Kichwa kinakwenda huku na huku kama mbwa aliyetoka kuoga, na uzito wote uko juu ya ncha ya ndoana. Mshipi ukiwa umekaza, umemwekea ukuta wa kujichomolea. Halafu anaanguka. Kilo hamsini zikiangukia mshipi ulionyooka kama uzi wa gambusi, kinachokatika ni kimoja kati ya vitatu: fundo, mshipi au moyo wako.

Ukimpa ile mita moja au mbili, anatikisa kichwa hewani na ndoana inaning'inia tu pale konani. Si kwamba unamwacha hivyo. Ni sekunde moja na nusu. Mkono mwepesi ndio unaotakiwa, na wewe unao, ila ulifundishwa kwenda upande mmoja tu.

Watu wanamvua huyu kwa fimbo tangu miaka ya 1880 huko Florida, na mpaka leo sijaona aliyepata dawa nyingine ya mruko.

Chambo_Hai

Samahanini naingilia. Taponi mnayemzungumza ndiye huyu wetu wa Bahari ya Hindi? Mimi nawapata kwenye maji ya chumvi nusu, kwenye vijito vya mikoko, wana lile pezi la mgongo lenye uzi mrefu nyuma. Lakini ni wadogo, mkono mmoja unatosha, sijawahi kukatiwa.

Bamvua

Ni ndugu, si huyo mwenyewe. Wako wa aina mbili tu duniani. Huyo wako anaanzia Afrika Mashariki anakwenda mpaka visiwa vya Pasifiki, na mara nyingi hana zaidi ya nusu mita. Huyu wa Atlantiki yuko pande zote mbili, huku Florida, Ghuba ya Meksiko na Karibi, kule Afrika Magharibi mpaka Angola. Anafika mita mbili na zaidi. Rekodi ya dunia ya kuvuliwa kwa fimbo ilitoka Rubane, Guinea-Bissau, mwaka 2003: pauni 286 na aunsi 9, karibu kilo 130. Wengine walipita wenyewe kwenye Mfereji wa Panama, sasa wanaonekana hata upande wa Pasifiki.

Ila mdomo ni ule ule, umegeukia juu, na uzi wa pezi ni ule ule. Fimbo nyepesi na ndoana ndogo, ukikosea naye mdogo anakucheka vile vile. Ni shule nzuri na ya bei nafuu.

Chambo_Hai

Hapo kwenye mdomo kugeukia juu nina swali. Kwa hiyo chambo chini kabisa ni bure? Mimi naweka kipande cha mkizi na chubwi, kinalala mchangani, na wananiuma.

Tezi_na_Omo

Si bure. Mdomo huo unamwambia mvuvi samaki anapenda kushambulia kutokea chini, kwa hiyo chambo kinachoogelea kiwe usawa wa macho yake au juu kidogo, kisipite chini ya kidevu. Lakini taponi si mtu wa msimamo. Kipande cha mkizi kilicholala chini anakiokota, hasa maji yakiwa machafu na anatafuta kwa harufu. Mimi nikiwaona wanapita juu natumia kaa au mkizi hai. Nisipowaona natega cha chini na kusubiri.

Na kwa vile mkizi ametajwa: wale wakianza kurukaruka bila sababu kandokando ya mkondo, usiwacheke. Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, lakini siku nyingi wanaruka kwa sababu kuna kinywa kama ndoo chini yao. Tupa hapo hapo.

Nanga_ya_Bibi

Mmesema ya kumnasa, hakuna aliyesema ya kummaliza, na huko ndiko wanakokufa.

Kaka Kiboya, utamnasa, sina wasiwasi. Swali langu ni utamshika muda gani. Mimi wa kwanza nilimshika saa moja na dakika arobaini. Nilikuwa namwogopa, breki nimelegeza, kila akitaka kwenda namwacha. Nilijiona fundi. Alipofika ubavuni hakuwa na nguvu hata ya kusimama wima majini, analala ubavu. Nikamwinua kwa ajili ya picha, watu wawili tumemkumbatia. Nikamwachia, akazama taratibu, tumbo juu, na kabla hajapotea machoni akaja papa wa kichwa cha nyundo akamkata katikati. Picha ninayo. Siiangalii.

Nilichojifunza baadaye ni hiki. Taponi anapumua hewa. Kibofu chake cha hewa kimeungana na koo, ndani kimejaa vinyama vyenye damu kama pafu, ndiyo maana unawaona wanabiringika juu ya maji, mgongo unang'aa kisha mkia, wanameza pumzi. Ndivyo watoto wao wanavyoishi kwenye vidimbwi vya mikoko vilivyooza ambamo samaki wengine wanakufa. Ukiwa unapigana naye na akaja juu kumeza hewa, amepata nguvu ya dakika kumi nyingine bure. Ukimwona anapanda kwa ajili hiyo, laza fimbo ubavuni karibu kabisa na maji, mvute kwa upande umpindue kichwa. Akielekea kulia, wewe vuta kushoto. Akigeuka, nawe geuka. Usimvute kwa juu, ukimvuta juu unambeba uzito wote na yeye anapumzika. Ukimvuta pembeni unamwangusha kila mara. Breki ile ya Mzee Bamvua ukiitumia yote, wa kilo arobaini anakuja ndani ya nusu saa, wakati mwingine ishirini.

Na ukiona papa amefika wakati bado unapigana, fungua rili umwache taponi akimbie bila mzigo, au kata kabisa. Kukokotana na taponi mbele ya papa ni kumwandalia meza.

Usimwinue. Florida wameweka sheria kabisa: aliyezidi inchi 40, kama mita moja hivi, haruhusiwi kutolewa majini, na tangu 2013 samaki huyu ni wa kuvua na kuachia, isipokuwa mwenye kibali maalumu cha kutafuta rekodi. Hata pasipo sheria, hesabu mwenyewe. Majike wanaweza kupita miaka hamsini. Kule Chicago, kwenye jumba la samaki la Shedd Aquarium, kulikuwa na mmoja aliyekaa humo tangu 1935 mpaka akafa 1998. Unayemning'iniza kwa picha anaweza kukuzidi umri.

Kiboya_Kimezama

Dada Nanga, nimesoma mara mbili. Picha yangu itapigwa akiwa majini, nimeshamwambia mwenzangu.

Bamvua mbili zijazo, namaanisha yale maji makubwa, nitakuwa mlangoni. Nitarudi na matokeo, mazuri au aibu.

Bamvua

Mwezi mpevu ndio mzuri, maji yakipwa jioni. Mkondo ule mkali unakokota kaa kutoka wangwani na taponi wanakaa wamepanga foleni vinywa wazi. Funga mafundo yako nyumbani, si chomboni. Na rudi.

Kiboya_Kimezama

Wakuu, nimerudi. Pole kwa kimya, jioni nne mfululizo nilikuwa majini na mchana nalala.

Wa kwanza nilimpiga. Najua, najua. Kiboya kilizama na mkono ukaenda wenyewe, miaka thelathini haiondoki kwa kusoma mtandaoni. Alichomoka kabla hata hajaruka. Nikaukalia mkono kweli, mwenzangu anacheka mpaka anakohoa.

Wa pili aliruka mara moja, nikasukuma fimbo mbele kwa pupa mpaka nikapiga goti kwenye ubao. Akaanguka, nikakaza, bado yupo! Akaruka tena, bado yupo. Mruko wa tatu nikachelewa kukaza, mshipi ukajikunja kwenye ncha ya fimbo, akakata. Sikununa. Kwa mara ya kwanza nilijua kwa nini nimempoteza.

Wa mwisho ndiye. Kaa nimemtoboa pembeni, ncha inaonekana. Kiboya kikazama, nikahesabu kimoyomoyo, mshipi ukanyooka, nikazungusha rili. Fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini kama Mzee alivyosema. Miruko mitano. Kila mruko nilikuwa nasema kwa sauti "mpe, mpe, kaza," mwenzangu akidhani nimepagawa. Breki tuliipima kwa mizani kabla ya kutoka: ilikuwa inasoma kilo mbili na robo. Mbili na robo! Mwaka mzima. Tukaiweka kilo tano na nusu.

Alitaka kupanda kumeza hewa mara mbili. Ya kwanza alifaulu na kweli akaanza upya kama hajanaswa. Ya pili nikalaza fimbo, nikamgeuza. Dakika ishirini na nane akawa ubavuni. Tumemkadiria kama kilo thelathini na tano, mdogo kwenu, kwangu ni mlima. Ndoana ilikuwa konani kabisa, kulia, imeingia safi, kijino kimebanwa, ikatoka kwa kidole na koleo mara moja.

Nilimshika taya la chini, kichwa kikiwa majini, chombo kikienda polepole maji yampite. Magamba yake, wakuu, kila moja ni kama kiganja cha mtoto, na jua la jioni lilikuwa linayapiga. Akameza pumzi moja kubwa pale pale mkononi mwangu, nikasikia sauti yake, kama mtu anayeonja chai ya moto. Kisha akafunga mdomo kwenye kidole gumba changu, akatikisa, akaondoka.

Ngozi ya kidole imekwenda naye yote ya mbele. Siku tatu sasa siwezi kufunga kifungo cha shati. Hilo hamkunitajia.

Nanga_ya_Bibi

Hongera kaka! Glavu.

Bamvua

Glavu, kijana wangu. Ile mbaya ya kitambaa, si ya mpira.